Kilomita Tisa, Kurudi Pale Pale

Njia inaanzia kwenye geti la kanisa la Llanhelyg
na inaishia kwenye geti hilo hilo.
Kilomita tisa za kwenda usikokwenda.
Kibao kimeandikwa: FUNGA, KONDOO WAMEZAA.
Nafunga. Natazama simu: mshale mwekundu,
kisanduku cha kwanza mita mia nne.

Hii si mvua, ni mlima unapumua.
Inalowesha bila kunyesha.

Kilima cha kwanza kilikuwa ngome.
Wanormani walirundika udongo, wakasimika magogo juu,
wakatisha watu wa bonde hili kwa vizazi.
Leo mlinzi ni kondoo mmoja,
na hata yeye anatafuna tu.
Simu inasema mita tatu. Kisha tisa. Kisha mbili.
Simu haijui. Mkono ndio unaojua:
chini ya mzizi wa mwaloni kuna jiwe
lililokaa kama halikujikalia lenyewe.

Kikopo cha filamu, kifuniko cheusi,
na kikaratasi kilichoviringwa kama msokoto.
Majina, tarehe. Watu watano wa Utrecht, na mbwa wao.
Na juu ya nafasi yangu, Jumapili iliyopita:
Non.
N yenye mkia uliopinda kama ndoana.

Non ni toka nitoke wangu.
Miaka mitatu hatujasemezana
kwa sababu ya kabati la vyombo la mama,
alilomuuzia dalali wa Bristol siku ya Jumanne
mimi nikiwa kazini.
Sahani nilizikuta sakafuni, zimepangwa kwa ukubwa.
Kule kupanga ndiko kulikoniuma.

Nikaandika jina langu chini ya lake, Heledd,
herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona msibani.

Kisanduku cha pili wamekitegea kitendawili.
Haya, tega:
*Nilikula mlima mzima,
nikafa njaa, mdomo wazi.*
Nimezunguka uwanja wa malisho mara mbili
kabla ya kuliona: tanuru la chokaa,
limejiegemeza kwenye mteremko, mdomo umeota majani.
Hapa mawe yaliingia mawe, yakatoka unga,
na waliochoma hawana hata kibao.

Nikiwa nimeinama, akapita bwana mwenye mbwa wawili.
Sheria ya mchezo: asijue.
Nikajifanya nafunga kamba za viatu.
Nilikuwa nimevaa mabuti ya mpira.
"Umepoteza kitu, bibie?"
"Ndiyo," nikasema,
na sikuona kama nimemdanganya.

Humu ni sanduku la risasi la jeshi, zito,
na ndani yake mambo ya watoto:
gololi, dinosaria asiye na mguu, pini ya nywele.
Chukua kimoja, acha kimoja.
Na chini kabisa, baridi kama samaki,
kishikio cha droo, cha shaba,
kile cha kushoto, kilicholegea,
tulichokuwa tukikizungusha tukisubiri uji upoe.

Hakuna barua. Nimekung'uta sanduku lote.
Alikifungua lini? Kabla ya dalali?
Kwa bisibisi ya nani?

Nilichukua hicho. Nikaacha glovu moja.
Ya pili ninayo.

Sikuona daraja, ingawa nilivuka.
Jiwe la kale la mpakani nililiegemea tu, nikahesabu:
yeye Jumapili, mimi Jumamosi,
sote kwa mwendo wa saa,
mwaka mzima tunanyatiana kwenye vikaratasi.
Milima haikutani, wanasema. Sawa.
Lakini hata binadamu,
wakifuatana kwenye duara kwa mwendo mmoja,
watafuatana hadi viatu viishe.
Lazima mmoja ageuke.

Kwa hiyo leo ni Jumapili
na kila kitu kimenijia kinyume:
jiwe kwanza, kisha daraja (kumbe lina matao matatu),
tanuru nikilipitia mgongoni.
Mkono mmoja una glovu, wa pili uko mfukoni na shaba.
Ngome ile kule, na kondoo wake.

Chini, upande wa kanisa, geti limelia.
Mtu amelifunga, akarudi kulisukuma
kuhakikisha.
Hivyo ndivyo alivyotufundisha mama.
Sijui nitaanza na neno gani.
Nateremka.